Ruzuku ya watoto maskini huishia wapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mimi nimeiona mali yenye daftari, stakabadhi, mihuri na sahihi tatu kila ukurasa, na bado ikapotea. Nilipokabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu nilipewa funguo, rejista, na leja ya ruzuku ya nyongeza, yaani zile fedha ambazo serikali huipelekea shule juu ya mgao wa kawaida kwa sababu ina watoto wengi wanaotoka kwenye kaya zenye hali duni. Hakukuwa na hoja hata moja ya ukaguzi. Rangi ya ukuta wa mbele ilikuwa na stakabadhi. Geti lilikuwa na stakabadhi. Posho za vikao, wino wa mashine ya kudurufu, mapazia ya ofisi, na kasma moja iliyojirudia kila robo ya mwaka kwa jina la "vifaa mbalimbali", vyote vilikuwa na hati za malipo zilizopangwa kwa tarehe. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta jina la mtoto, au la darasa, au hata la somo. Sikuliona.

Hakuna aliyeiba, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mwizi ana dawa yake: anakamatwa, anaondolewa, kazi inaendelea. Lakini fedha iliyotolewa kwa ajili ya watoto fulani ikitumika kihalali kwa mahitaji ya shule nzima, utamshtaki nani? Shule ilihitaji geti kweli. Hakuna siku shule itakosa kuhitaji kitu.

Nilipoanza kusoma wenzetu wa nchi nyingine wamefanya nini, niligundua ugonjwa huu ni wa zamani. Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya elimu mwaka 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, na sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, Title I, ilitenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Mwaka 1969 wanawake wawili, Ruby Martin na Phyllis McClure, walitoa ripoti iliyouliza kama fedha hizo zinawasaidia watoto hao kweli. Walichokikuta ni kwamba wilaya nyingi zilizichukua kama msaada wa jumla. Zilizibia mapengo ya bajeti na kununulia vifaa vilivyotumiwa na kila mtu. Baada ya hapo likatiliwa mkazo sharti ambalo Marekani wameendelea kubishana nalo miaka yote: fedha hizi ziongeze juu ya kile ambacho mtoto angepata bila hizo, zisije zikachukua nafasi yake.

Sharti hilo niliichukua roho yake nikaigeuza kuwa swali moja la kikaoni. Kila ombi lililoletwa mezani niliuliza: kama ruzuku hii isingekuwepo, kitu hiki kingelipiwa na nani? Jibu likiwa ni mgao wa kawaida, ombi linarudi huko huko. Swali dogo, lakini liliniondolea marafiki kadhaa. Mzee mmoja kwenye kamati ya shule, mtu mwema aliyeitumikia shule ile kabla mimi sijaanza kazi, aliniambia wazi mbele ya wajumbe, "Mwalimu, mgeni rasmi akija ataona nini?"

Nilimheshimu kwa kusema kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiria. Ana hoja. Mgeni rasmi haketi na mtoto wa darasa la tatu akampa aya asome. Anapita getini, anaona ukuta, anasaini kitabu, anapiga picha. Mjumbe wa kamati naye anataka siku ya mkutano wa wazazi aonyeshe kwa kidole: hiki tulinunua sisi. Shida ya shule inaonekana kwa macho, ina nyufa, inavuja. Shida ya mtoto maskini imekaa kichwani mwake, naye amejifunza mapema kuificha. Kwa hiyo fedha zikiachwa zijiendee zenyewe, zitaifuata ile inayoonekana.

Jinsi anavyoificha nilikuja kukuona kwa karibu. Tuliamua kabla ya kutumia chochote tuwapime watoto wote kusoma, mmoja mmoja, kwa kipimo cha ukurasa mmoja: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi. Ni kipimo kilichoenea kupitia Pratham, shirika la elimu la India, na Afrika Mashariki kinajulikana kupitia kazi ya Uwezo, mpango wa kuwapima watoto kusoma na kuhesabu. Hakihitaji mtaalamu. Unahitaji benchi, kivuli, na uvumilivu wa kumsubiri mtoto bila kumjazia neno mdomoni.

Akaja msichana wa darasa la tano. Nilichukua kitabu cha kusoma cha darasani, nikataka aanze na kitu anachokifahamu. Alikishika vizuri, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kwa sauti ya kujiamini, na lafudhi nzuri, anapumua penye nukta. Nikaangalia kidole. Kilikuwa mstari wa tatu, mdomo uko wa tano. Nikafunua ukurasa mwingine, hadithi nyingine kabisa yenye picha nyingine. Kidole kikahamia mstari wa juu, na yeye akaendelea na hadithi ileile ya mwanzo, neno kwa neno.

"Hii umeisoma wapi, mwanangu?"

"Huwa wanaisoma wenzangu, mwalimu. Mimi naisikia."

Nilimpa herufi. Alizijua chache. Nilirudi kwenye ripoti zake za nyuma: mwaka baada ya mwaka zimeandikwa "anajitahidi". Na alikuwa anajitahidi kweli, maana kukariri kitabu kizima kwa kusikia ni kazi ya akili kubwa. Hakuna mwalimu aliyemwonea. Katika darasa lililojaa, mtoto anayekaa kimya na kufungua ukurasa sahihi hana wa kumshtukia.

Alikuwa na wenzake wengi kuliko tulivyotegemea, na karibu kila darasa la juu lilikuwa na wasioweza kusoma aya ya darasa la pili. Hapo ndipo orodha ya manunuzi ilipoanza kuonekana kichekesho. Kwenye rasimu ya matumizi iliyokuwa inanisubiri kulikuwa na seti za vitabu vya kiada kwa madarasa ya juu. Nani angevisoma? Kenya walilipima jambo hili miaka ya 1990 katika shule za magharibi mwa nchi. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu bure wakazilinganisha na ambazo hazikupewa. Wastani wa matokeo haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, kwa sababu vitabu vilikuwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho watoto wengi hawakukifikia. Kwa maneno mengine, unaweza kununua vitabu kwa jina la watoto maskini na ukawaongezea umbali kati yao na wenzao. Sisemi vitabu si muhimu. Nasema ukinunua kabla ya kupima unakuwa umenunua kwa ajili ya mtoto aliye kichwani mwako, na mara nyingi huyo ni mtoto wa mbele darasani.

Tukafanya walichofanya Pratham. Kila siku ya masomo, kwa muda wa saa moja, madarasa ya kati na ya juu yalivunjwa. Mtoto alikwenda kwenye kundi la kiwango chake cha kusoma bila kujali umri wala darasa: kundi la herufi, la maneno, la aya, la hadithi. Zambia wameufanya mpango wa namna hii kuwa wa serikali chini ya jina la Catch Up, kwa hiyo si jambo la miradi ya majaribio tu. Ruzuku ililipia saa za ziada za walimu wa makundi ya chini, kadi za herufi na maneno ambazo walimu walizitengeneza wenyewe, na vitabu vidogo vyepesi vya hadithi. Hivyo tu, kwa muhula wa kwanza. Mzee wangu wa kamati alipitia hesabu akauliza, "Na nyingine iko wapi?" Nikamwambia iko benki, inasubiri tuone makundi yanasogea au hayasogei. Hakuwahi kuona shule yenye fedha isiyoitumia.

Ugumu ulianzia mahali ambapo sikuutazamia, nao ni nani akae kundi la chini kama mwalimu. Shule nyingi zina desturi ambayo haijaandikwa popote: mwalimu hodari hupewa darasa la mtihani, na aliyeajiriwa jana hupewa darasa la kwanza au wale wanaosuasua. Mantiki yake inaeleweka, kwa kuwa shule inahukumiwa kwa mtihani wa mwisho. Lakini maana yake ni kwamba mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu wala mtu wa kumsomea anakutana na mwalimu asiye na uzoefu katika mwaka unaoamua kama atasoma au hatasoma. Nilimwomba mwalimu bora wa kusoma tuliyekuwa naye ashuke kundi la herufi. Alichukulia kama adhabu. Tulizungumza kwa siku kadhaa, na kilichombadilisha hakikuwa posho: nilimpeleka benchi akampima mtoto wa jirani yake mwenyewe, ambaye miaka yote alidhani anasoma.

Posho nayo ina hadithi yake, na hapa maoni yangu yanatofautiana na ya wenzangu wengi. Tanzania ilifanyika tathmini kubwa mwaka 2013 na 2014, chini ya mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku peke yake, jingine likapewa bonasi ya walimu kulingana na watoto waliofaulu kipimo cha kusoma na kuhesabu, jingine likapewa vyote viwili, na jingine halikupewa kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha matokeo. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopiga hatua, tena zaidi ya ukijumlisha kila kimoja peke yake. Wengine wanaisoma habari hiyo wakahitimisha kwamba dawa ni bonasi. Mimi naichukua kwa upana zaidi: fedha inahitaji ikutane na juhudi ya mwalimu iliyoelekezwa mahali fulani, na bonasi ni njia mojawapo ya kuielekeza. Kwetu iliyofanya kazi ni posho ya saa iliyofanyika na kuonekana, pamoja na kipimo kilichorudiwa kila baada ya wiki chache mbele ya walimu wote. Mwalimu hapendi kundi lake libaki palepale wakati la mwenzake linapanda. Wivu huo mdogo una nguvu, na ni wa bure.

Jirani zetu, shule nyingine inayopata ruzuku kama yetu, waliamua kuajiri wasaidizi wa darasa. Ni uamuzi unaopendwa kwa sababu unaongeza watu. Uingereza walipitia njia hiyo kwa kiasi kikubwa, na utafiti wao ulionyesha kitu kinachochoma: mtoto dhaifu akikaa muda mwingi na msaidizi asiye na mafunzo, anampoteza mwalimu. Msaidizi anamwandikia, anamnong'oneza jibu, na mwalimu anageukia wengine akiamini huyu ameshapata mtu. Taasisi ya Education Endowment Foundation, iliyoanzishwa huko mwaka 2011 kwa ajili ya kuangalia nini kinawasaidia watoto wa familia maskini, inasema wazi kwamba wasaidizi wanaleta tofauti pale wanapopewa mafunzo na kazi maalum ya kundi dogo yenye hatua zinazoeleweka. Tulipokuja kuajiri wawili baadaye, kazi yao iliandikwa kwenye nusu ukurasa: kundi gani, saa ngapi, hatua zipi, nani anawapima. Hawakuruhusiwa kukaa nyuma ya darasa.

Sasa nirudi kwenye suala ambalo nililikuta gumu kuliko fedha zenyewe: mtoto maskini ni nani? Ofisi ilituletea orodha ya kaya. Ilikuwa imeandikwa zamani. Ndani yake mlikuwa na familia ambazo hali zao zilishabadilika, na nje yake walibaki watoto niliowajua kwa macho kwamba hawana kitu. Kijana mmoja baba yake alikuwa na kazi nzuri, kila mtu anamfahamu, hivyo jina halikuingia. Hakuna aliyejua kwamba baba alihama nyumbani na kwamba kijana anaishi na bibi yake anayeuguzwa na yeye mwenyewe. Na kuna wazazi walioitwa kujaza fomu wakakataa. Mama mmoja aliniambia kwa utulivu, "Mwalimu, sisi hatujafika huko." Nilikubaliana naye. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Waingereza wana kanuni ninayoipenda katika ruzuku yao ya Pupil Premium, iliyoanza mwaka 2011. Mtoto aliyewahi kustahili chakula cha bure shuleni wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita anaendelea kuhesabiwa. Inakubali kwamba umaskini huja na kuondoka, na kwamba kipato kikipanda leo hakirudishi masomo yaliyopotea mwaka juzi. Sisi hatukuwa na mamlaka ya kubadili orodha ya serikali, lakini hakuna aliyetukataza kuwa na ya kwetu. Walimu wa madarasa waliiandika kimya kimya: nani anakosa siku gani, nani haleti daftari jipya la zamani likijaa, nani hulala kipindi cha kwanza. Orodha hiyo ilikaa kabatini kwangu na haikubandikwa popote.

Tabia ya kuwaita watoto wa ruzuku mstarini asubuhi, majina yakisomwa, wapite mbele wachukue madaftari, niliikomesha wiki ya kwanza. Niliwahi kumwona mvulana akivuka uwanja kwenda kuchukua, akageuka katikati akarudi mikono mitupu. Uzuri wa makundi ya kusoma ni kwamba yalichanganya kila mtu. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto yatima walikaa kundi moja la maneno kwa sababu wote hawakuweza aya. Msaada ukawafikia waliokusudiwa bila bango shingoni, maana wengi waliokuwa makundi ya chini walitoka kwenye kaya hizohizo. Kuna ofisa mmoja aliyekuja akataka nimwonyeshe darasa la watoto wa ruzuku peke yao, ili aone thamani ya fedha. Nilimweleza. Aliandika kwenye ripoti yake kwamba walengwa hawatambuliki kwa urahisi. Niliipokea kama sifa, ingawa haikuandikwa kwa nia hiyo.

Wapo ambao tatizo lao halikuwa kusoma. Walikuwa hawaji. Daftari la mahudhurio ukilisoma kwa wiki huoni kitu, lakini ukilipanga kwa mtoto mmoja muhula mzima utaona mchoro. Yuko aliyekosa siku ileile kila wiki: mama ana kibarua siku hiyo na mdogo wake hana wa kumwangalia. Yuko aliyetoweka kila mwezi siku chache, na mwalimu wa kike aliyezungumza naye aliniletea orodha ya mahitaji bila maelezo marefu. Yuko aliyekuja kila siku lakini akawa "mtukutu", mpaka alipopimwa macho ikaonekana ubao haujawahi kuwa na maandishi kwake. Miwani ile iligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya geti. Kenya, wilaya ya Busia, mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni, na utoro ulipungua kwa robo. Dawa ya minyoo! Hakuna mjumbe wa kamati atakayepiga picha mbele yake.

Hapa kuna mtego wa kisheria ambao walimu wakuu wenzangu wanaujua. Miongozo mingi ya ruzuku inaruhusu "vifaa vya kufundishia na kujifunzia" na inanyamaza kuhusu miwani, viatu au mtu wa kukaa na mdogo wake mwanafunzi. Mhasibu anayeogopa hoja atakuambia haiwezekani. Nilichojifunza ni kuandika kabla. Barua ya kuomba kibali, yenye takwimu za mahudhurio za mtoto bila jina lake na hesabu ya kipindi alichokosa, inajibiwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Ukinunua kwanza ukaja kujieleza, umeshakuwa mtuhumiwa. Na pale kibali kilipokataliwa tulitafuta njia nyingine nje ya ruzuku, tukaliacha leja safi.

Kuchelewa kwa fedha ni habari ndefu, nitaikata. Zinakuja nusu, zinakuja mwezi usiotarajiwa, halafu mwisho wa mwaka wa fedha zinaingia kwa mkupuo na amri ya kuzimaliza au kurudisha bakaa. Ndivyo mapazia yanavyonunuliwa. Kinga yetu ilikuwa mipango miwili iliyokwishapitishwa na kamati mapema: mmoja wa mambo yasiyoweza kusimama hata fedha zikichelewa, hasa saa za makundi, ambao tuliugharamia kwanza, na wa pili wa vitu vinavyoweza kusubiri, kama vitabu vya hadithi, vilivyokwisha kuombewa bei. Mkupuo ukiingia, hakuna kikao cha dharura, hakuna anayepata nafasi ya kupendekeza rangi.

Wazazi tuliwaambia kila kitu, kiasi kilichoingia na kilichotumika, kwenye ubao uliokaa nje ya ofisi. Wazo hilo lina historia. Uganda, uchunguzi wa shule 250 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya kila mwanafunzi iliyotoka serikali kuu. Nyingine ilikwama ngazi za kati. Na shule zilizokuwa kwenye jamii zenye uwezo ndizo zilizopata zaidi, kwa kuwa zilijua kudai. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichofika, hali ilibadilika sana. Kufikia mwaka 2001 kilichofika kilikuwa karibu asilimia 80. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa uwazi, na ni kweli, ila uwazi ule ulipima fedha kufika shuleni. Kutoka lango la shule hadi kwa mtoto kuna safari nyingine ambayo gazeti haliioni. Kwa hiyo kwenye ubao wetu, chini ya hesabu, tuliandika pia makundi: wangapi walikuwa herufi mwanzo wa muhula, wangapi sasa. Wazazi walipita hesabu haraka wakasimama hapo.

Uwazi una upande wake mwingine, nao nauweka hapa kwa sababu sikuona mtu akiutaja. Mara wazazi walipojua kuna fedha za serikali, baadhi walipunguza za kwao. Daftari alilokuwa ananunua baba, sasa "si shule ina ruzuku?" Watafiti waliolifuatilia hili India na Zambia walikuta hivyohivyo: ruzuku ikijulikana mapema, familia hupunguza matumizi yake ya elimu, na faida kwa mtoto inayeyuka. Siwalaumu. Fedha ya daftari ikibaki nyumbani inakwenda kwenye hitaji jingine la kweli. Lakini ilinifundisha kulipia kwa ruzuku vile vitu ambavyo hakuna mzazi angeweza kuvinunua hata akitaka: saa ya mwalimu hodari, kundi la kiwango cha mtoto, kipimo cha kila wiki chache. Madaftari tuliyabakiza kwa walio kwenye orodha ya kabatini.

Msichana wa darasa la tano alichukua muhula na zaidi kutoka herufi hadi aya. Wa kundi lake walikwenda haraka kuliko yeye, kwa sababu yeye alikuwa na kazi ya ziada ya kuacha kukariri: ukimpa aya mara mbili, ya pili anaitoa kichwani. Mwalimu wake aligundua dawa, akawa anamwandikia aya mpya kila asubuhi kwa mkono, hadithi za mambo yaliyotokea jana shuleni, zisizo kwenye kitabu chochote. Gharama yake kwenye leja ni rimu moja ya karatasi.

Mwalimu huyo alihamishwa katikati ya mwaka uliofuata. Barua ilikuja, akaondoka baada ya siku chache, na ujuzi wote wa kundi la herufi ukaondoka naye. Hapo ndipo penye tundu ambalo bado sijaliziba vizuri. Unatumia ruzuku kumfundisha mwalimu, na mwalimu si mali ya shule. Tangu hapo tunafundisha wawili wawili kwa kila kundi, mmoja anaongoza na mwenzake anakaa pembeni akishika kipimo, na wanabadilishana kila muhula. Inagharimu saa mbili badala ya moja, na mhasibu ameshaniuliza mara kadhaa kwa nini kundi moja lina majina mawili kwenye hati ya malipo. Kibali cha hilo nimekiomba kwa barua, na nakala ya barua nimeiambatisha kwenye leja, ukurasa uleule wa posho, ili atakayenirithi aikute kabla hajaifuta kasma hiyo.